Walikatazwa Kupendana Hata kwa Kuigiza

Kijana mmoja anayefundisha Kiswahili katika shule ya hapa karibu alikuja kwangu Silibwet juzi, akakaa, akapewa chai, akasema amekuja kuniomba msaada. Nilifurahi. Mwalimu mstaafu akiombwa msaada hufurahi kupita kiasi, mtajionea mkifika huku. Akatoa simu, akaniambia, "Mama, nisaidie na mbinu zote za ile tamthilia ya wapenzi wa mtoni. Mbinu za lugha na mbinu za sanaa, pamoja na kurasa. Nataka niwatumie wanafunzi kwa grupu ya WhatsApp."

"Wewe umeisoma?"

"Nimepitia mwongozo."

"Nimekuuliza tamthilia."

Akatabasamu vile mnavyotabasamu siku hizi mkiona mzee hajaelewa mambo. "Mama, mtihani hauulizi kama umesoma. Unauliza mbinu."

Nilimwacha amalize chai yake kwa adabu, nikamsindikiza hadi langoni. Nilipoingia ndani nilikiosha kikombe chake mara tatu kwa hasira. Ndiyo maana nawaandikia, yeye na nyinyi wenzake wote mnaoshika chaki sasa. Sikuwa na majibu ya kumtumia kwa simu. Nina mambo niliyoyaona.

Kwanza niwaeleze tamthilia yenyewe, kwa sababu naogopa kwamba wengi wenu mmepitia mwongozo. Ni ya zamani, wazazi wenu huenda waliisoma. Nyumba mbili ziko ng'ambo mbili za mto mmoja, na hazijasalimiana tangu enzi za babu zao kwa sababu ya malisho. Msichana wa nyumba ya juu anapendana na kijana wa nyumba ya chini. Baba wa msichana, asiyejua lolote, anakubali posa ya mtu mwingine. Msichana anakimbilia kwa nyanya yake, anamtuma mjumbe amwambie kijana amngoje kivukoni. Mjumbe anapitia kwenye pombe, anakaa. Kijana anaambiwa na watu wengine kwamba msichana ameshaolewa. Mvua imenyesha, mto umefurika, kijana anaingia maji hayo, hatoki. Msichana anafika ng'ambo ya pili, anaona viatu vyake tu, naye anamfuata.

Basi. Mtu akisikia hayo, kisha akaniuliza mbinu ziko ukurasa gani, nimwambie nini?

Kinaya hakiokotwi ukurasa fulani kama kuni. Ninyi mnawapa watoto orodha: tashbihi, istiari, tashihisi, takriri, sadfa, taharuki. Mtoto anazikariri kama majina ya mitaa ya mji ambao hajawahi kufika. Nilipata mwanafunzi mmoja aliyehamia kwetu kutoka shule yenye jina kubwa, kijana mwerevu, na insha yake ya kwanza kwangu ilianza hivi: "Asubuhi hiyo majani ya chai yalicheka, yakalia, yakakohoa, yakasali." Nikamuuliza majani ya chai yanakohoa nini. Akanijibu kwa heshima, "Madam, hiyo ni tashihisi. Ukiweka nne unapata alama." Sikumlaumu. Yuko mtu mzima aliyemfundisha hivyo na kulipwa mshahara.

Mimi nilifundishwa kufundisha na Mwalimu Wanjohi, pale Kedowa, nikiwa mgeni kabisa kazini. Alikuwa mzee mfupi, mkali, koti lake lina chaki hadi kwenye mifuko. Alinikuta nikiandika orodha ubaoni, akangoja wanafunzi watoke, akaifuta yote kwa kiganja. Akaniambia, "Chelangat, hiyo ni mifupa. Ng'ombe yuko wapi?" Kisha akanionyesha njia yake, na hii ichukueni, ni yenu bure. Katika kila onyesho uliza swali moja: nani anajua, na nani hajui? Anayejua siri asimame. Asiyejua akae. Usitaje mbinu yoyote. Wacha wasome.

Fanyeni hivyo na onyesho la mjumbe. Mjumbe anajua, asimame. Walevi aliokaa nao hawajui, wakae. Hadhira inajua, darasa zima lisimame. Kijana mpenzi hajui, amekaa, kitabu mkononi, anacheka na marafiki zake wa kuigiza. Ngojeni kidogo. Mwaka mmoja msichana wa nyuma kabisa, ambaye hakuwahi kuinua mkono, alisema, "Madam, si tumwambie?" Hapo ndipo nilipogeuka ubaoni nikaandika: kinaya. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Someni kwa sauti pia. Msiogope matamshi. Sisi Wakipsigis tunajulikana, d ikitutoka inakuwa t, b inakuwa p. Nilikuwa na kijana wa Sotik aliyesimama mbele ya wenzake kuigiza baba mwenye hasira, akanyoosha kidole, akanguruma, "Tamu ya nyumba yetu haitachanganyika na tamu yao." Darasa lilianguka. Hata mimi nilijificha nyuma ya kitabu. Lakini tulipomaliza kucheka tukaulizana kwa nini huyo baba anataja damu kila anapofungua mdomo, na kijana yuleyule akajibu, "Kwa sababu hana sababu nyingine." Hilo ni jibu la takriri, na halikuwa kwenye mwongozo wowote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linanichoma.

Nilikuwa nafundisha shule ya kutwa iliyo katikati ya mashamba ya chai, upande wa Kericho. Shule kama hizo mnazijua: watoto wa Wakipsigis wenye vipande vyao vya chai, watoto wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, ambao wazazi wao walitoka upande wa ziwa, kwa Wajaluo, na watoto wa wafanyabiashara wa Kikuyu wenye maduka barabarani. Wanakaa dawati moja, wanakula githeri moja. Nikagawa sehemu za kuigiza kwa kusikiliza, yeyote anayesoma vizuri. Msichana alikuwa Chepkirui, binti wa Mzee Koech. Kijana alikuwa Ochieng, ambaye baba yake alifanya kazi kiwandani, sehemu ya kunyausha majani. Mjumbe mlevi alikuwa Kamau wa dukani, na sijawahi kuona mtoto asiyekunywa akilewa vizuri hivyo.

Wiki haikuisha. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Madam, nasikia umeanza kuozesha watoto darasani."

"Nimewapa sehemu za kusoma, Mwalimu Mkuu."

"Chepkirui na huyo Ochieng."

"Ndiyo."

"Huoni shida?"

"Naona wawili wanaosoma vizuri."

Akaegemea kiti. Alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio ulionikasirisha zaidi. "Mimi sina ukabila, unanijua. Lakini mzee mmoja wa bodi amenipigia simu. Watu wanaongea huko kituo cha kuuzia majani. Wanasema binti wa Koech amepewa bwana Mjaluo shuleni. Sasa kwa nini usiweke kijana wa hapa? Wako wengi. Au umtoe msichana, uweke wa kwao. Wapenzi wote wawe upande mmoja."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia nikaona hanitanii.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "tamthilia nzima ni kwamba hawatoki upande mmoja."

"Hiyo watasoma kwa mwongozo."

Soma hapo tena, wewe kijana wa WhatsApp. Mtu mwenye shahada alitaka tamthilia kuhusu nyumba mbili zisizosalimiana, na sharti lake ni kwamba waigizaji wote watoke nyumba moja. Kisha akaamuru jumba la shule lifungwe, tusiigize, tufundishe mbinu. Mbinu. Watoto wangeniandikia maana ya kinaya bila makosa hata ya nukta, na kinaya chenyewe kiko ofisini, kimevaa tai.

Nilienda kwa wazazi mwenyewe. Nilianza kwa baba Ochieng, kule laini. Alinikaribisha mlangoni, mkewe akatoa viti nje kwa sababu ndani kulikuwa kudogo. Nilipoeleza, hakunipinga. Alikunja mikono tu.

"Madam, mwondoe mtoto," akasema.

"Kwa nini, baba Ochieng? Anasoma kuliko wote."

"Najua anasoma. Namsikia hapa kila jioni, hata majirani wamekariri. Lakini sisi tuko hapa kwa kazi. Sitaki jina la mtoto wangu litajwe na wazee kwenye mkutano. Likianza kutajwa, halinyamazi."

"Ochieng amezaliwa hapa."

"Nani anahesabu hivyo?"

 Mwanamume amenyausha chai ya watu ujana wake wote, watoto wake hawajui nyumbani kwingine, na anaongea kama mgeni aliyeomba malazi. Nikamwambia nitaenda kwa Mzee Koech, na kwamba sitamwondoa Ochieng mpaka baba wa msichana aseme mwenyewe. Akaniomba kitu kimoja, nisiseme ni yeye aliyenituma.

Koech alikuwa ameketi nje ya jikoni akinoa panga. Tukasalimiana, chamgei, chamgei, Chepkirui akaniletea mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akarudi kusimama karibu na mlango, akijifanya kupanga vikombe.

"Mwalimu," Koech akasema bila kuinua macho, "hii maneno nimesikia, msichana yangu amepewa bwana shuleni, ni ukweli?"

"Ni kuigiza, Mzee. Ni kitabu cha mtihani."

"Kitabu inasema nini?"

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza panga likiwa mapajani. Nilipofika kwenye posa akaniuliza, "Huyo baba hakujua?" Nikamwambia hakujua. "Na msichana hakumwambia?" Nikamwambia alijaribu. Akamgeukia bintiye. "Soma hapo alijaribu."

Chepkirui hakuhitaji kitabu. Alisimama palepale mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, umeniuliza kama nimefunga ndama. Umeniuliza kama nimechota maji. Umeniuliza kama nimemsalimia mgeni. Hujaniuliza hata mara moja ninaogopa nini."

Koech alipitisha kidole kwenye makali ya panga. 

"Baba anajibu nini?" akauliza.

"Hajibu," Chepkirui akasema. "Anatoka nje kuangalia mvua."

"Mjinga," Koech akasema. Akashika jiwe la kunolea, akaliweka tena chini. "Wewe endelea na kitabu yako. Huyo mzee ya bodi akiniuliza, nitamwambia sijui mambo ya shule. Lakini nitakuja kuona."

Nilimwambia mwalimu mkuu waziwazi kwamba jumba ni lake kulifunga, ila darasani mwangu nitasoma kitabu cha mtihani na wanafunzi wangu. Akaniambia nitajibu. Nikamwambia nitajibu.

Tulisukuma madawati ukutani baada ya masomo. Mto ulikuwa leso mbili za buluu zilizofungwa pamoja, zimelazwa sakafuni toka ubao hadi mlango. Wazazi wachache walikuja, wengine wakachungulia madirishani, majani ya chai yakiwa bado yamewashika kwenye aproni za plastiki. Baba Ochieng hakuwepo. Koech alikaa nyuma, kofia magotini.

Kamau alipokaa kwenye pombe watu walicheka mpaka machozi. Alisahau ujumbe, akaukumbuka, akasimama, akapewa kikombe kingine, akakaa. Mara ya pili kicheko kilipungua. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, na mwanamke mmoja dirishani akasema kwa Kipsigis, "Nenda basi." Mwanzo mnafurahi naye, mwisho mnamchukia, naye hajabadilika hata kidogo. Vijana, mtaandika hayo kwa mshale na nukta ngapi?

Kisha Ochieng akaja kivukoni. Akavua viatu, akavipanga vizuri kwenye ukingo wa leso, vile mtoto aliyelelewa vizuri anavyovipanga mlangoni. Nje ya mlango Chepkirui alikuwa amesimama, tayari kuingia, tukimwona sote isipokuwa Ochieng. Ochieng akainua mguu.

Koech akasimama.

"Kijana, ngoja," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemzuia mwingine asivuke barabara. "Ako njiani."

 Ochieng alibaki na mguu juu ya mto, akaniangalia mimi. Kitabu hakikuwa na onyesho hilo. Akamwangalia Koech. Halafu akasema maneno ya kijana yule, yaliyoandikwa, kwa sababu hakuwa na mengine, akaingia majini. Koech hakuketi tena. Aliyasikiliza yaliyobaki akiwa wima, kofia ameishika kwa mikono miwili, mpaka bintiye naye alipoingia majini.

Kutoka siku hiyo hadi leo sijasikia mtu akieleza kinaya cha kidrama vizuri kuliko mzee yule aliposimama. Na adhabu yangu ilikuja upesi. Nilitajwa kwenye mkutano wa bodi kwamba nimeleta mambo ya mgawanyiko. Mimi. Kabla ya muhula kwisha nikahamishiwa upande wa Sigor. Waliokalia mtihani mwaka huo walifanya vizuri sana, na nilipata habari kwamba siku ya zawadi mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi akashukuru miongozo mipya. Nilikuwa nikipika nilipoelezwa. Nikazima jiko, nikatoka nje kutembea, maana ningevunja kitu.

Mnaniambia nisikasirike, nimestaafu. Nitakasirika. Mnachukua kitu kinachomwinua mtu mzima kitini, mnakikatakata, mnakitia kwenye simu. Mnasema watoto hawapendi kusoma. Mmewapa nini cha kusoma? Na wale wanaoogopa fasihi, wanaofunga majumba na kubadilisha waigizaji, angalau wao wanajua ina nguvu. Ninyi mmeifanya isiogopwe na mtu yeyote.

Watu huniuliza kama wale wawili walioana. Hapana. Hawakuwa wapenzi, walikuwa wanafunzi wawili wanaosoma vizuri, na hata kama wangekuwa, haikunihusu. Chepkirui ni muuguzi sasa. Ochieng yuko Kisumu, anafundisha, na hafundishi kwa mwongozo, nimemuuliza.

Nitawaambia nilivyoondoka, kisha niwaache. Siku ya kuhama mwalimu mkuu hakutoka ofisini. Koech alikuja na pikapu ya shemeji yake, na kwa kuwa kabati lilikuwa zito alipitia laini akamchukua baba Ochieng. Wanaume hao walikuwa wamesalimiana barabarani miaka mingi, basi, hakuna zaidi. Walinipakilia kitanda na kabati, tukabanana watatu mbele, mimi katikati, nimenuna. Tulipita Bomet.

Kisha Koech akauliza, macho barabarani, "Baba Ochieng, siku ile ya mchezo hukuja. Ulikuwa kazi?"

"Hapana."

"Sasa?"

Baba Ochieng aliangalia nje dirishani. "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nyinyi."

Koech aliendesha. Tukapita vibanda vya mahindi, tukapita daraja, bado anaendesha tu, taya limekaza. Nilijua amekasirika, lakini sikujua anamkasirikia nani.

"Ungekuja," akasema mwishowe. "Ningekuwekea kiti."

 Baba Ochieng alivua kofia, akaiweka magotini. "Nieleze basi," akasema. "Kijana wangu alifanyaje?"

Koech akaanza toka mwanzo kabisa, toka ugomvi wa malisho. Alichanganya maonyesho, akampa nyanya maneno ya mama, akamfanya mjumbe kuwa mlevi maradufu. Sikumsahihisha. Baba Ochieng alimgeukia, mgongo kwa dirisha, akawa anauliza, na kisha, na kisha. Mvua ikaanza kunyesha juu ya kitanda changu na hakuna aliyejali. Koech alipofika pale ambapo kijana anavua viatu, akapunguza mwendo wa gari.